Uliza Fundi: Gari likivuka bahari, mwito wa kiwanda unavuka nalo

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: SUV ndogo za kifahari, zile X1, Q5, GLK na Harrier tunazopishana nazo kila siku. Nimechagua nne. Ya Tanga nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua wako wengi wenye swali hilo hilo ambao hawajaandika. Mwito ni pale kiwanda kinapoyaita magari yenye kasoro yarudi yatengenezwe bure.

SWALI: Shikamoo dada fundi. Nafanya kazi bandarini hapa Tanga. Mwaka jana nilinunua BMW X1 ya 2013, ile ya lita 2, kwa wakala wa Dar es Salaam. Gari lilitoka Japani. Hata mwezi haujaisha, taa ya eabegi ikawaka. Fundi wa mtaani akaizima kwa elfu thelathini na haijawaka tena. Sasa shemeji yangu anayeishi Toronto ananiambia kiwanda kiliyaita magari haya kwa sababu eabegi zake zinaua watu. Nimempigia wakala, anasema hayo ni ya magari ya Marekani, ya Japani hayana shida. Nimwamini nani? Jambo la pili, injini ikiwa ya baridi inatoa mlio mwembamba unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Fundi anasema ni mkanda tu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba kaka. Mwamini shemeji. Wakala wako ama hajui ama hataki kujua, na vyovyote iwavyo jibu lake ni la hatari, kwa hiyo tuanze na eabegi, ule mfuko unaofumuka kukukinga gari likigonga. Mlio tutaufikia.

Kampuni ya Takata ya Japani iliuza eabegi kwa viwanda vingi vikubwa vya magari duniani. Nyuma ya ule mfuko kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, kompyuta inapeleka umeme, vidonge vinaungua, gesi inajaza mfuko, na yote hayo yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Takata walichagua amoniamu naitreti, kemikali inayotumika kwenye mbolea na kwenye baruti za migodini, na kwa matoleo mengi hawakuweka kitu cha kufyonza unyevu. Miaka inavyokwenda, joto na unyevu vinavilegeza vile vidonge. Siku ya ajali vinaungua kwa kasi ambayo kopo haliwezi kuihimili. Chuma kinapasuka, vipande vinapenya kitambaa na kumpata dereva shingoni na usoni. Wapo waliokufa kwa ajali ndogo kabisa, ajali ambayo mtu angeshuka akatazama bampa na kuendelea na safari.

Vifo vya kwanza Marekani vilitokea mwaka 2009. Hadi leo vimepita 25 nchini humo peke yake, na vingine vimetokea Malaysia na kwingineko. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani Marekani kosa la ulaghai na kukubali kulipa dola bilioni 1. Ilikuwa ikiwapelekea watengenezaji wa magari matokeo ya majaribio yaliyochezewa. Juni mwaka huo huo ikafilisika. Nakueleza haya yote ili siku wakala atakapokuambia "hizo ni habari za mitandao" uwe na la kumjibu.

BMW wamo. Katika orodha ya Marekani, X1 za 2013 hadi 2015 ziliitwa kwa eabegi ya dereva, na X3 za 2007 hadi 2010 pia. Gari lako ni la 2013. Hiyo haina maana kwamba chesisi yako lazima iwemo, kwa sababu kiwanda huita kwa namba ya chesisi, wala si kwa jina la gari au mwaka peke yake. X1 mbili za rangi moja zilizoshuka meli moja, moja inaweza kuwemo na nyingine isiwemo. Lakini pia usikubali kuambiwa haimo na mtu ambaye hajaitazama namba.

Sasa hili la "magari ya Japani hayana shida". Japani yenyewe iliyaita mamilioni ya magari kwa eabegi hizi. Ilifika mahali, kuanzia Mei 2018, wizara yao ya uchukuzi ikaanza kuyanyima shaken, kile cheti cha ukaguzi ambacho bila hicho gari haliingii barabarani, magari yenye eabegi za hatari zaidi ambayo hayajatengenezwa. Mengi yalipelekwa yakatengenezwa bure. Gari lililofutiwa usajili na kupandishwa meli kabla ya kutengenezwa ndilo linaloninyima raha, kwa sababu barua ya kiwanda hupelekwa kwa mmiliki aliye kwenye rejista ya kule. Wewe wa Tanga hutaipata. Ubovu umekuja nao, taarifa haikuja.

Na hali ya hewa ya kwenu ndiyo inayonifanya niandike kwa msisitizo. Marekani walipopanga nani atengenezewe kwanza, waligawa nchi kwa joto na unyevu, na walioanza ni wa Florida, Hawaii na pwani ya Texas. Sasa fikiria Tanga, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, Lamu. Gari linashinda juani nje ya geti la bandari, linalala kwenye unyevu wa bahari, mwaka baada ya mwaka. Mtu wa Iringa mwenye gari kama lako ana muda kuliko wewe. Naye alishughulikie, lakini wewe lishughulikie wiki hii.

Nije kwenye taa. Hapa nataka unielewe vizuri, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Taa ya eabegi haijui chochote kuhusu vidonge vilivyolegea. Kompyuta inapima waya na mzunguko wa umeme tu: je, umeme ukitumwa utafika? Eabegi ya Takata iliyooza ndani itaonyesha ni nzima kabisa na taa itabaki imezimika. Kwa hiyo taa kuzimika hakukupi usalama wowote kwa jambo analolisema shemeji yako. Na taa kuwaka, kwa BMW za umri huu, mara nyingi ni mambo mengine: kihisi cha kiti cha abiria cha mbele, soketi za njano chini ya viti zilizolegea baada ya kiti kuvutwa huku na huko, au ule waya unaojiviringisha nyuma ya usukani. Hayo yanatengenezeka.

Elfu thelathini za fundi wako zinanitia shaka. Fanya hivi mwenyewe leo jioni. Kaa kwenye kiti cha dereva, washa umeme wa gari bila kuwasha injini, na usitazame kitu kingine ila ile alama nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele yake. Inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, izime. Ikiwaka ikazima, huenda fundi alifuta kosa kwa mashine au alibana soketi, na hilo halina neno. Isipowaka kabisa, ameiua taa. Nimefungua dashibodi ambazo taa imefunikwa kwa gundi nyeusi, na nimekuta soketi ya eabegi imefungwa kipande kidogo cha kizuizi cha umeme ili kompyuta idhani eabegi ipo. Gari la namna hiyo likigonga, hakuna kinachofumuka. Una familia, kaka. Ukiona taa haiwaki, gari lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya BMW na uzoefu wa eabegi, na aliyekufanyia vile usimrudie.

Tafadhali usimruhusu mtu aifungue eabegi ya usukani "atazame kama ni ya Takata". Kwa kuitazama haonekani mgonjwa ni nani, na kile ni kilipuzi. Wala usinunue ya mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam, kwa kudhani unajisaidia. Eabegi iliyong'olewa kwenye gari bovu la Dubai inaweza kuwa imetoka kwenye mwito huo huo, na hapo utakuwa umelipa pesa kununua ugonjwa uliokuwa unaukimbia.

Cha kufanya ni hiki. Namba ya chesisi iko kwenye kadi ya gari, iko chini ya kioo cha mbele na kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kwa BMW ni herufi na tarakimu 17. Kwanza linganisha sehemu zote tatu. Zikitofautiana, una tatizo jingine kubwa zaidi. Kisha iandikie BMW Japani, kwa Kiingereza kinatosha, na wakati huo huo muandikie ajenti rasmi wa hapa. Weka namba ya chesisi, picha ya kadi, na swali moja: je, chesisi hii ina mwito wa usalama ambao haujafanyiwa kazi? Usiulize "gari langu liko salama?" kwa sababu utajibiwa maneno matamu. Omba jibu kwa maandishi. Simu haina ushahidi.

Wakikujibu kwamba mwito upo, kumbuka kwamba mwito wa usalama kwa kawaida hufuata gari, haufuati mnunuzi wa kwanza. Unaweza kuambiwa "gari hili hatukuliuza sisi". Niliwahi kukaa dirisha la kupokea magari kwenye karakana ya ajenti, sitaitaja, na nilisikia wateja wakirudishwa kwa sentensi hiyo wakiwa na barua ya mwito mkononi. Walioandika makao makuu ya kiwanda wakaambatanisha majibu ya ajenti, kadhaa wao walirudi na wakahudumiwa. Ukikwama kabisa, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003, na sheria hiyo inagusa bidhaa zisizo salama. Peleka lalamiko dhidi ya wakala pia. Alikuuzia bidhaa, kisha akakupa maelezo ya uongo kuhusu usalama wake.

Mpaka jibu lije, punguza safari, na watoto wapande gari jingine. Jibu likiwa "ndiyo, upo", liegeshe mpaka eabegi ibadilishwe.

Kuhusu mlio: huenda fundi yuko sahihi, mkanda hupiga kelele injini ikiwa ya baridi. Njia ya kumhakiki ni rahisi. Avue mkanda wa nje, awashe injini kwa muda mfupi sana, azime. Mlio ukibaki, si mkanda. Na kama X1 yako ni sDrive20i au xDrive20i yenye injini ya N20, mlio unaopanda na mafuta ni dalili ninayoiheshimu. Injini hiyo, hasa za kabla ya 2015, ina miongozo ya plastiki inayoishika cheni ya taiming, ile inayopanga wakati wa vali kufunguka na kufunga, na plastiki hiyo huzeeka, ikawa ngumu, ikakatika. Vipande vinadondoka kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na kuziba kichujio cha pampu ya oili. Cheni ikiruka meno, vali zinagonga pistoni na injini imekwisha.

Ukimwaga oili mara hii, simama hapo hapo. Mwambie fundi asitupe filta. Ikatwe, ikunjuliwe kwenye gazeti, mpapase kila mkunjo kwa kidole. Unatafuta vipande vidogo vya plastiki vya rangi ya asali au kahawia, vyenye kingo kali. Ukipata hata kimoja, gari lisiwashwe tena mpaka cheni na miongozo vibadilishwe. Usipopata, sampu ifunguliwe hata hivyo kama mlio upo, kwa sababu vipande vikubwa haviwezi kufika kwenye filta.

Na hapa elewa tofauti, maana itakuokoa na mabishano. Kwa cheni hii kulikuwa na kesi Marekani na muda wa dhamana ukaongezwa kule. Haikuwa mwito wa usalama kama wa eabegi, na kwako hapa utalipa mwenyewe. Eabegi dai. Cheni weka akiba.

SWALI: Salaam aleikum bi fundi. Nina Audi Q5 ya 2010, petroli lita 2, nimenunua kwa mtu hapa Nyali. Nikienda Nairobi na kurudi naongeza oili lita nzima. Moshi siuoni sana. Aliyeniuzia asema gari hizi ziliitwa na kiwanda na lake lilikwisha tengenezwa. Nikidai kiwanda nitapata haki yangu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Aliyekuuzia amechanganya mambo mawili. Mwito mkubwa wa Q5 za lita 2 za petroli ulihusu pampu ya umeme ya kupozea, inayoweza kupata joto kupita kiasi na kuwasha moto. Ule ulikuwa wa magari ya 2013 hadi 2017, na ulifanyika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza, 2017, walibadilisha programu ya kompyuta tu, na 2018 ikabidi warudi kubadilisha pampu zenyewe. Gari lako la 2010 si la mwito huo.

Kula oili ni jambo la pili, nalo ni tabia inayojulikana ya injini hii kwa miaka ya 2009 hadi 2011. Ringi za pistoni zina vitundu vidogo vya kurudisha oili ambavyo huziba kwa masizi. Marekani wenye magari walishitaki na kampuni ikakubali kuwahudumia. Halikuwa suala la mwito wa usalama, kwa hiyo kiwanda hakitakusikiliza leo kwa gari la umri huu, na sitaki upoteze nauli.

Kabla hujakubali kufunguliwa injini, badilisha vali ya kupumulia, ile ya plastiki iliyokaa juu ya kifuniko cha injini. Ikipasuka utando wake wa ndani, injini inavuta oili na kuichoma. Ni kazi ya saa moja. Kisha jaza oili mpaka alama, andika kilomita kwenye karatasi, na upime kila ukijaza petroli. Ikiendelea kushuka vile vile, ndipo pistoni na ringi. Wakati huo wote usiiache oili ishuke, kwa sababu kikaza cheni cha injini hii kinategemea presha ya oili. Moshi kutouona hakuna maana. Unauona wewe uliye mbele, au anauona aliye nyuma yako mteremko wa Mazeras?

SWALI: Shikamoo. Nina Harrier ya 2014. Vumbi la huku ni jingi, nimenunua kapeti nene za mpira na kuziweka juu ya zile za gari. Mume wangu anasema ni hatari, mimi naona anakuza mambo. Tusaidie.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mume wako yuko sahihi, na sitaki ulichukulie hili kama ubishi wa nyumbani. Agosti 2009, karibu na San Diego, California, askari wa barabarani aliyekuwa nje ya zamu alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa na muuzaji wakati gari lake likiwa karakana. Ndani kulikuwa na kapeti za mpira za Lexus nyingine, SUV ya RX. Kapeti ikaibana pedeli ya mafuta ikiwa chini. Gari likapita kilomita 160 kwa saa, na mmoja wao akapiga simu ya dharura akisema breki haziwezi. Walikufa wote wanne, watu wa familia moja. Baada ya hapo Toyota iliyaita mamilioni ya magari, zikiwemo Lexus RX, na mwaka 2014 ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa jinsi ilivyowapotosha wateja kuhusu kasoro hizo. Yule mtu alikuwa dereva aliyefunzwa kazi yake. Kapeti tu.

Ondoa ya chini au ya juu, ibaki moja. Inayobaki ishikwe na zile ndoano mbili za sakafuni upande wa dereva, na ukikanyaga pedeli mpaka mwisho isiguse ukingo wake. Kama haina matundu ya ndoano, iweke kwa abiria wa nyuma.

Na nyote mnaoendesha magari yanayowashwa kwa kitufe, karirini hili leo: mafuta yakinasa, kanyaga breki kwa nguvu moja bila kuachia-achia, weka gia N, toka pembeni. Injini italia sana, iache ilie. Kulizima gari likiwa linatembea, shikilia kitufe kama sekunde tatu. Ukikigusa tu hakizimi, na hilo wengi hawalijui mpaka siku wanapolihitaji.

SWALI: Jambo mama fundi. Niko Goma. Nimepata Mercedes GLK 350 ya 2011, usukani kushoto, ilitoka Amerika ikapita Dubai. Mwenye kuuza anataka avansi, malipo ya mwanzo, kesho asubuhi. Nitajuaje kama haina shida za kiwanda?
Msomaji, Goma

JIBU: Jambo baba. Wewe una bahati kuliko wenzako wote wa ukurasa huu, kwa sababu gari la soko la Marekani ndilo rahisi kukagua. NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, ina ukurasa wa wazi kwenye tovuti yake: unaandika namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, unapata miito ya usalama ambayo haijafanyiwa kazi. Ni bure na ni dakika chache. Fanya usiku huu. GLK za 2010 hadi 2012 zimo kwenye orodha ya Takata kule, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Jambo la pili ni kwa nini gari liliondoka Amerika. Mengi yanayopita Dubai yalinunuliwa kwenye minada ya magari yaliyogongwa. Tazama kifuniko cha eabegi katikati ya usukani na mbele ya abiria: rangi yake na mng'ao wake vifanane na plastiki inayokizunguka. Kipya kuliko dashibodi, uliza kwa nini. Vuta mkanda wa dereva kwa ghafla, lazima ushike. Mkanda uliokwama nusu au unaorudi kwa uvivu huenda ulifyatuka kwenye ajali na haukubadilishwa. Halafu washa umeme utazame taa ya eabegi, kama nilivyomweleza kaka wa Tanga.

Ukikuta mwito uko wazi, usikubali kupunguziwa bei ulichukue hivyo hivyo. Andikia kwanza ajenti wa Mercedes wa nchi jirani uone kama atakubali kulifanyia kazi, na avansi ingoje jibu hilo. Muuzaji asipokubali kukupa namba ya chesisi usiku huu, usimpe pesa asubuhi. Akikupa, nitumie picha ya majibu ya NHTSA kama kuna mstari usiouelewa, nitakusomea.